Heshima ya Kuwasha

Jumapili, 3 Machi
Mume wangu ameunda kengele ya mlango. Ameunda! Boksi limeandikwa "umri: miaka minane na kuendelea" — alimnunulia mpwa wake, akalifungua "kuangalia tu". Betri, kitufe, nyaya mbili za rangi. Inalia kama kuku aliyekanyagwa. Alitoka nje kubonyeza, akakimbilia ndani kuisikia, akagundua hawezi kuwa pande zote mbili. Basi nikabonyeza mimi. Akacheka. Tangu wampunguze kazini anakaa humu ndani kama mgeni anayesubiri basi. Nilisahau anavyocheka. Nikamwambia mikono yake ina baraka. Neno moja tu.

Jumamosi, 9 Machi
Neno moja tu! Leo kabadilisha swichi ya sebuleni. Sasa ukiwasha ya sebule, inawaka ya barazani. Akasema tutazoea, lakini uso ulimshuka. Alipokwenda kunyoa nikampigia kaka yangu — fundi umeme, cheti anacho, na ulimi anao. Akaja mbio, akarekebisha, akaondoka. Mume karudi, kabonyeza, sebule ikawaka.
"Unaona? Umeme unataka kupewa muda."
Nikasema naona.

Jumatano, 13 Machi
Soketi ya jikoni. Nilichomeka birika, ikatoa cheche na harufu ya nywele zilizoungua. Kaka kaja wakati mume yuko dukani anatafuta tepe. Alipofungua soketi akaniita nije nione. Waya wa moto ulikuwa umeshindiliwa kwa karatasi ya peremende, ile ya kung'aa.
"Dada, hii siyo kazi, hii ni kesi."
Nikamsihi asimwambie. Akauliza nataka mume au nataka fundi. Nikasema nataka mume anayecheka. Akakaza skrubu.

Jumapili, 17 Machi
Kaka kaja kula. Mume wangu akamkalisha, akamfundisha umeme! Namna ya kukaza waya. Namna ya kuwa na subira. Ninyi wenye vyeti, shemeji, mna haraka, akamwambia. Kaka kainamia sahani, mabega yanatikisika. Nikamwongezea mchuzi ambao hakuuomba.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu hatii maji, anatia umeme. Baada ya kula akatangaza: ananinunulia oveni, na laini yake ataivuta mwenyewe kutoka mein swichi, pale umeme unapoingilia nyumbani. Kaka akaacha kutikisika.

Jumanne, 19 Machi
Waya umefika. Mnene kama kidole gumba, mzito, haukunjiki. Kaubeba begani kama chatu aliyemuua mwenyewe. Katoboa ukuta. Katoboa tena, maana pale pa kwanza palikuwa na bomba. Tunaoga kwa ndoo.
Nikamwomba amngoje kaka, aangalie tu. Akanitazama kwa upole.
"Kwani kuna kitu nilichofunga humu ndani kikakataa?"
Nijibu nini? Hakuna! Nimehakikisha mwenyewe kwamba hakuna.
Kaka yuko safari ya kikazi, anarudi Jumamosi. Kwenye simu kasema nisiguse, asiguse, hata paka asiguse. Waya wa namna ile haumwonyi mtu mara mbili. Mimi ndiye niliyemvika mume wangu kilemba cha ukoka, na sasa kimeota mizizi. Naogopa. Usingizi hauji.

Alhamisi, 21 Machi
Asubuhi nilijipa moyo nimwambie ukweli. Nikaanza mbali — nikasema ile kengele ni nzuri. Nikaishia hapo hapo. Yeye kapanda ngazi, anapaka plasta, anaimba. Anaimba! Bado kazi kidogo, anasema. Nikasema hakuna haraka, hata Jumapili. Hakusikia.

Ijumaa, 22 Machi
Naandika chooni. Mlango nimeubana kwa komeo. 
Amemaliza. Nimetoka sokoni nikakuta viti vimepangwa jikoni! Mama jirani na sinia la keki mbichi, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, na yeye mwenyewe kavaa tai ya ofisini. Kahutubia. Kasema wenzake walipoona hana faida tena, mtu mmoja tu alimwamini, na kila alichofunga ndani ya nyumba hii alikifunga kwa nguvu ya imani hiyo. Akaikaza tai. "Heshima ya kuwasha ni ya mke wangu." Wakapiga makofi.
Nikasogea kwenye mein swichi. Nikainua mkono. Pale waya mnene unapoingia kuna kitu kinang'aa. Karatasi ya peremende.
Nikasema tumbo linanikata.
Kaka hapatikani kwenye simu. Nimejaribu mpaka chaji imeisha. Nikisema mbele ya watu, atavua ile tai na kurudi kwenye kile kiti cha kusubiri basi. Nisiposema — mshonaji yuko karibu na ukuta, na mama jirani ameegemea oveni.
Njia ya mwongo ni fupi, ila hakuna aliyeniambia kwamba inaishia chooni.
Anagonga. Taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Anauliza kama nataka maji ya moto. Anasema nisijali, nipumzike, atawasha yeye.
Natoka. Nitamwambia ukweli: nitaanza na swichi ya sebuleni, kisha soketi. Kengele siigusi. Ile ni yake kweli —