Sproketi ya Matundu Sita

Tarehe 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko kwenye kambi ya barabara na kikohozi cha vumbi kimepungua. Huku hatujambo, isipokuwa goti la Mama na pikipiki. Vyote viwili vimeharibika siku moja.

Utauliza kwa nini sikukuambia Jumapili ulipopanda kilimani kutafuta mtandao. Ulipiga, nikapokea, nikasema "ndiyo Baba" mara tatu, nikampa Mama simu, naye akataka kujua tu kama unakula. Kwenye simu ulimi wangu unalala. Kwenye karatasi huwa sikwami, ndiyo maana nakuandikia.

Sproketi imekwisha, lile gurudumu la meno la nyuma linalovutwa na cheni. Meno yamelika, yamebaki membamba kama ya kitana. Cheni ikaanza kuruka, na Jumanne iliruka kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, Mama akaanguka na trei zote za mayai ya hosteli. Anasema hakuumia. Lakini siku hizi anakaa kwenye kiti kwa awamu.

Sasa mayai anayapeleka kwa miguu, akisukuma baiskeli ya jirani fundi cherehani, na akifika mpishi mkuu ameshakunja uso. Mpishi amesema sasa wanafunzi ni wachache, lakini hosteli ikifunguliwa kwa wote mwezi ujao anataka mayai kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kila siku. Tukishindwa atachukua kwa mwingine. Na sisi mteja mwingine mkubwa hatuna.

Fundi wa pikipiki anasema sproketi ya modeli yetu haipo madukani, labda mtandaoni. Mama akanigeukia: "Si wewe ndiye mwenye Kiingereza?" Nimepata moja. Maelezo yanasema inafaa modeli zote. Niagize?

Binti yako

*

Tarehe 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Barua nimeipokea kwa Mzee Honi, dereva wa tangi la mafuta. Alipiga honi tangu kona ya mbali, nikazima greda ninalosawazishia barabara, kambi nzima ikajua nina barua.

Agiza. Ila agiza kwa jina langu, na boksi likifika lisifunguliwe mpaka nije mwisho wa mwezi. Sijasahau ile simu niliyoagiza, tukafungua kwa papara, ndani mna kipande cha sabuni ya kufulia, na muuzaji akadai tumebadilisha wenyewe. Tangu siku ile unaijua sheria ya nyumba: boksi hufunguliwa na mwenye jina lililoandikwa juu, mkekani, mbele ya shahidi.

Mwambie Mama aache kusukuma baiskeli. Sijui atumie nini, lakini aache.

Baba yako

*

Tarehe 15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi wazima. Goti bado.

Boksi limefika. Liko juu ya kabati, limefunikwa kitambaa kama mgeni aliyelala. Mama kila akipita analinyanyua kidogo, anasema "ni chuma, si sabuni," kisha analirudisha.

Muuzaji anatuma ujumbe kila siku kwenye akaunti niliyokufungulia. "Mpendwa, je, umefurahia bidhaa yako?" Mama akasoma juu ya bega langu.

"Huyu anayemwita mume wangu mpendwa asubuhi na jioni ni nani?"

"Ni roboti, Mama."

"Hata kama ni roboti. Hana kwao?"

Lakini Baba, kuna jambo limeandikwa kwa herufi ndogo chini: kitu kisipofaa kirudishwe ndani ya siku saba tangu kipokelewe. Ukija mwisho wa mwezi zitakuwa zimepita. Naomba ruhusa nifungue. Nitaita shahidi. Nitatandika mkeka. Naomba sana.

Binti yako

*

Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mzee Honi alikwama kwenye tope karibu wiki nzima, barua yako imenifikia leo, imelowa pembeni. Hizo siku saba naona zimeshakwenda zenyewe.

Hata hivyo jibu lingekuwa hapana. Si kwamba sikuamini. Mtu mwenye sauti ndogo kama yako akiambiwa "mmebadilisha wenyewe" atajibu nini? Mimi nataka niwepo.

Nakuja wiki hii. Weka funguo za pikipiki karibu.

Baba yako

*

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na hasira uliiacha njiani.

Nakuandikia yale niliyoshindwa kusema ulipokuwa hapa. Ulipofungua boksi ukaiweka sproketi mpya juu ya ile mbovu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona kabla yako. Ya zamani ina matundu sita ya bolti, hiyo ina manne. Ukaizungusha kushoto, ukaizungusha kulia, ukasema "Manne? Manne?" kana kwamba ukiuliza vizuri yataongezeka. Fundi cherehani, shahidi wako, akasema labda mawili yanakuja kwenye boksi jingine. Mama peke yake ndiye aliyecheka, na alicheka vibaya.

Kisha ukanigeukia: "Nimelipa ada ya lugha mbili, unashindwa hata moja?"

Baba, ukweli ni huu. Siku ile nilipoagiza, duka liliandika kwamba mteja apige simu kuthibitisha aina ya pikipiki. Nilipiga. Nilijifungia kwenye banda la kuku, nikafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili, nikapiga. Mtu akasema "Haloo?" Nikakata. Nikabonyeza "endelea bila kuthibitisha". Nilijipa moyo kwa yale maneno, inafaa modeli zote. Nimesoma kwa lugha mbili na ninanyamaza kwa zote mbili.

Wewe ulipoondoka niliomba turudishe. Wakajibu: "Mpendwa, muda umepita." Nilitaka kuitupa simu kisimani.

Nimeagiza nyingine kama ulivyosema, duka lile lile, na nimeandika matundu sita kwa herufi kubwa. Sikupiga. Nilijaribu.

Binti yako

*

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeniuma mahali fulani, sitasema wapi.

Yale maneno ya ada niliyasema nikiwa na spana mkononi. Mtu mwenye spana mkononi na hana bolti ya kufunga husema ovyo. Yafute.

Lakini sheria haifutiki. La pili likija, likae juu ya kabati. Nimeomba ruhusa kwa msimamizi nije mapema. Amesema barabara ikifika mtoni nitakwenda. Naisukuma hiyo barabara kwa nguvu zote, mawe yananikoma.

Goti la Mama likandwe kwa maji ya moto. Na ile sproketi ya manne msiitupe, huenda siku moja tukapata pikipiki inayoitaka.

Baba yako

*

Tarehe 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama hawezi kukunja mguu.

Nimefungua.

Nianze mwanzo. Boksi la pili lilifika juzi, jina lako juu. Hosteli inafunguliwa kesho. Jana Mama alirudi na baiskeli ameiegemea kama fimbo, akaketi kizingitini, akaliangalia boksi juu ya kabati. Angelalamika, ningevumilia. Mzee Honi hayupo, wewe hupatikani, na zile siku saba zinakwenda.

Nikatandika mkeka. Nikamwita fundi cherehani. Akauliza, "Mwenye jina yuko wapi?" Nikamwambia, "Mwenye jina anasukuma barabara." Akaketi. Nikakata utepe wa gundi kwa mkasi wake.

Matundu sita, Baba! Mama alishika kichwa kwa furaha. Nikaiweka juu ya ile mbovu, bolti zote zikapita. Kisha fundi wa pikipiki akaja kuifunga, haikuingia. Tundu kubwa la katikati ni dogo kidogo kuliko letu, unene wa sarafu tu. Alisukuma, akagonga, akaweka nyundo chini. "Hii si yenu." Mama akaingia ndani akafunga mlango.

Sikujua nina hasira kiasi kile. Nilikwenda kwenye banda la kuku nikapiga simu. Haloo, akasema mwanamke. Sikukata. Nikamwaga Kiingereza chote cha darasani, kosa la kwanza, kosa la pili, goti, hosteli, na kwamba aache kumwita baba yangu mpendwa. Kuku mmoja akapiga kelele katikati. Mwanamke akacheka kwa Kiswahili: "Hao ni kuku, mwanangu?"

Akaniuliza kama nina rula. Nikachukua ya jiometri, nikailaza juu ya sproketi mbovu, nikapima tundu la katikati, nikapima kutoka bolti hadi bolti, nikapiga picha nikamtumia. Akasema pikipiki yetu ni toleo la zamani ambalo watu wengi hulikosea, na hiyo ya kweli anayo moja kwenye rafu ya nyuma. Atabadilisha, kwa kuwa tuko ndani ya siku saba. "Mbona hukupiga tangu mwanzo?"

Akauliza aandike jina la nani kwenye boksi. Nikataja langu. Lote, mpaka la babu.

Simu ikiwa bado na moto nikampigia na mpishi mkuu. Hakulainika. Wiki hii ameshamwita mtu mwingine. Amesema Jumatatu inayofuata tukifika kabla ya saa kumi na mbili atatujaribu, mara moja tu. Tukichelewa, tusigonge tena.

Nimevunja sheria yako. Ukija nitakuwa mlangoni.

Binti yako

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, barabara bado haijafika mtoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilitoka nje nikapiga teke tairi la greda, na tairi la greda halijali. Ya pili nilimsomea mwenzangu mwendesha kompresa, pale pa kuku. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Hivi uliogopa nini, sabuni?"

Sasa sikiliza. Kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshapanda kilimani nikaagiza sproketi mwenyewe kwa simu ya huyo mwendesha kompresa, kutoka duka jingine. Nilichoka kukaa huku bila kufanya kitu. Imefika kambini leo. Mzee Honi anaondoka sasa hivi, namkabidhi.

Jina langu nimelifuta kwa wino, nimeandika lako. Kwa hiyo sijaifungua. Siruhusiwi.

Baba yako

*

Tarehe 25 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuhurumia, na mguu uliopiga tairi.

Mzee Honi alituamsha mtaa mzima jana. Nililisoma jina langu juu ya wino wako kwa muda mrefu, fundi cherehani mpaka akaniambia mkeka unapoa. Nikafungua.

Baba. Manne.

Mama alicheka, safari hii vizuri, mpaka akalishika goti. Uliandikiwa inafaa modeli zote, sivyo? Nimeiweka juu ya kabati pamoja na mwenzake. Zikifika nne tutafungua duka.

Ile ya yule mwanamke wa dukani ilikuja Jumamosi. Iliingia bila nyundo. Fundi wa pikipiki alilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, cheni ikapita kimya mpaka liliposimama.

Leo ndiyo Jumatatu ya mpishi. Mama ameondoka gizani, mguu mmoja haukunjiki sawasawa, trei zimefungwa kwa mpira mara mbili. Nimekaa kizingitini nakuandikia kwa sababu siwezi kulala wala kula. Kuna mwanga sasa. Saa kumi na mbili imepita.

Nasikia pikipiki kwenye mteremko wa matofali. Cheni hairuki. Ngoja.

Trei ni tupu. Mama anasema mpishi aliangalia saa, akamwangalia yeye, akasema, "Kesho wakati huu huu." Hajashuka bado. Anataka nimsaidie mguu.

Kitu kimoja, Baba. Ukitaka kuagiza chochote tena, panda kilimani unipigie kwanza. Nitapokea, na sitampa Mama simu.

Binti yako