Nilimcheka Mwanafunzi Wangu wa Kuchora, Sasa Amenirudishia Penseli

Mpendwa Shangazi Devota, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunisema, maana safu yako naisoma kila Jumanne na mdomo wako naujua.

Mimi ni fundi wa mabango hapa Kilosa, umri miaka hamsini na mbili, shule niliishia kidato cha pili lakini dunia nimeisoma yote, nimeandika mabango kuanzia Dumila mpaka Mikumi, nimechora simba kwenye mabasi, nimechora ng'ombe kwenye mabucha ya Tunduma mpaka Wazambia wakawa wanavuka kuja kuwashangaa tu bila kununua nyama, na leo hii ukishuka treni ya umeme ukaingia mjini kwetu, saluni ya kwanza utakayoiona, kazi ile ni ya mkono huu unaokuandikia. Sijisifu, Shangazi, najitambulisha.

Mwaka huu roho ikanituma nisife na ujuzi wangu, nikafungua darasa la kuchora kila Jumamosi asubuhi nyuma ya karakana yangu, bure kabisa, penseli natoa mimi, karatasi mimi, chai na maandazi mimi, wakaja watu wazima sita ambao hawajawahi kuchora kitu tangu shule ya msingi. Nikaanza nao na mazoezi ya mwanzo kama nilivyoanza mimi, mistari bila rula, maduara, maboksi, kikombe na kivuli chake. Na kila mwisho wa kipindi tunabandika karatasi zote ukutani, mimi napita na maka pen nyekundu nikizikagua kwa utani, kwa sababu darasa bila kicheko ni msiba. Duara la mmoja nikaliita kiazi cha Gairo, boksi la mwingine nikauliza lilipishana na treni gani, wakacheka wote, na mimi nikajua kazi inakwenda.

Sasa kuna mwanafunzi anaitwa Shimba, Msukuma wa huko Tindiga, mfugaji, baba wa watoto wanne, akishika penseli unadhani ameshika njiti ya kiberiti. Siku ya kwanza nilimuuliza kuchora anakutakia nini, akaniambia, "Mwalimu, tumekubaliana kijijini kila mwenye mifugo apunguze. Wangu wengi wataenda mnadani. Nataka niwachore mmoja mmoja kabla hawajaondoka." Nikamwambia si una simu, piga picha. Akasema, "Simu ninayo, mwalimu. Lakini simu inampiga hata ng'ombe isiyemjua." Nilicheka siku ile, ila nikampenda.

Huyu kwangu ni mtani halali, maana babu yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja huku na kazi ya reli, na kila mtu anajua Mzaramo na Msukuma hawakasirikiani, kwa hiyo nikawa namchapa yeye kuliko wengine. Jumamosi moja nikawapa zoezi la kugeuza boksi liwe mnyama, boksi ndiyo mwili, duara kichwa, miguu minne kama makopo. Shimba akachora ng'ombe mkubwa mno, miguu ya mbele ikatoka nje ya karatasi. Mimi nikasimama mbele ya ukuta nikasema, "Jamani, huyu hata kwenye karatasi ng'ombe wake wamemshinda! Wamevuka tuta! Doris, kimbia, wameingia kwenye mpunga wako!"

Doris ana saluni lakini analima mpunga pia, alicheka mpaka akafuta machozi. Darasa zima likaanguka. Shimba akabandua karatasi yake, akaikunja mara nne, akasema, "Asante, mwalimu." Zamu ya kufagia ilikuwa yake, akafagia, akaondoka. Baadaye ndiyo naambiwa kwamba msimu huo huo ng'ombe wake kweli waliingia kwenye mpunga wa watu, akaitwa ofisi ya kijiji akasimamishwa mbele ya mkutano, na huko ndiko lilikotokea hilo azimio la kupunguza mifugo. Mimi nitajuaje, Shangazi, kwani mimi ni mwenyekiti wa kijiji?

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja, akaja bodaboda na penseli yangu, imechongwa vizuri kwa kisu, bila neno. Nikaogopa darasa litakufa, nikaapa simkosoi tena mtu. Nikawa napita ukutani, "safi sana, hatari, huyu wa kimataifa huyu." Doris akachora tembo, miguu kama madebe manne yaliyomwagwa, nikamwambia, "Doris, hii ikifika Mikumi watalii watagombana." Mama wa watu akaamini, akachukua tembo wanne wa namna hiyo akapanda basi mpaka Mikumi, kwa wauza picha wa barabarani, mmoja akaishika juu chini chini juu akamuuliza, "Mama, huyu amelala au amegongwa?" Akarudi Kilosa jioni ile ile, akaja karakana mikono kiunoni, akaniambia, "Shimba alichekwa na watu watano ndani ya chumba. Mimi umenipeleka nikachekwe na stendi nzima. Heri yake."

Sasa nimekwama. Nikisema kweli wanakimbia, nikisifu wanaumbuka. Mimi nilifundishwa Morogoro na fundi aliyenichapa vidole kwa mpini wa brashi na kuniita mkono wa nyani mbele ya wateja, na ona nilivyotoka. Mnada wa Shimba umebaki wiki tatu. Je, nimfuate, au nitajishushia heshima ya ualimu? Na wale waliobaki nizungumze nao lugha gani?

Ni mimi, Fundi wa Mabango, Kilosa.

SHANGAZI DEVOTA ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Sasa kaa.

Kwanza, hongera kwa chai na maandazi. Sina utani hapo. Mtu anayenunulia watu wazima penseli kwa hela yake na kuwapa Jumamosi yake ana moyo, na moyo wako nimeuona. Tatizo ni kilichopachikwa juu ya shingo.

Unasema Shimba ni mtani wako. Hebu nikuulize, Mzaramo wa reli, huyo mtani wako alikujibu nini? Mtani halali angekugeukia pale pale akwambie nyie Wazaramo ng'ombe mnamjulia kwenye sahani, na ng'ombe wako wa Tunduma wana macho ya binadamu, na watu wangecheka kwa zamu yako. Huo ndio utani: unapiga, unapigwa, mnakula pamoja. Lakini huyu ameingia darasani kwako akakupa shikamoo, akakuita mwalimu, akakaa kwenye benchi lako na penseli yako mkononi. Ulimfunga mikono kwa heshima yake mwenyewe halafu ukampiga. Aliposema "Asante, mwalimu," ungeona aibu. Wewe ukaona kazi inakwenda!

Na lile la mpunga usijifiche nyuma ya "nitajuaje." Unaishi Kilosa, Fundi, hukushuka na treni ya jana. Mkulima na mfugaji wameketi benchi moja, wanagawana ufutio, jambo ambalo mikutano mingi imeshindwa kulifanya, na wewe kwa mdomo wako ukasimama ukawagawanya tena, huku mpunga, huku zizi. Kwa ajili ya kicheko!

Huyo fundi wako wa Morogoro naye. Unasema alikuchapa na ona ulivyotoka. Mlikuwa wangapi, mkabaki wangapi? Waliokimbia mpini ule hawana mabango ya kutuonyesha, ndiyo maana unadhani mpini unafundisha. Halafu, samahani, Kilosa napita. Mbona kila kinyozi uliyemchora ameweka mikono mfukoni? Mtu ananyoaje na mikono mfukoni? Fundi wako alikuchapa vidole, na vidole hujaweza kuchora mpaka leo.

Haya, umepata lako. Sasa tufanye kazi.

Kumkosoa anayeanza si kumcheka na si kumpaka mafuta. Ukimwambia "kiazi cha Gairo," anajua amekosea, hajui wapi. Ukimwambia "safi sana," hajui amefanya nini ili akirudie. Vyote viwili ni uvivu, kwa sababu hukuiangalia karatasi, uliangalia watu watacheka au watatabasamu. Sogea karibu. Weka kidole kwenye mstari, usiweke mdomo kwenye mtu. Muulize kwanza, "Hapa ulitaka kufanya nini?" na umwache amalize kusema. Kisha mwonyeshe palipokaa sawa kwa kutaja mahali penyewe: mstari huu wa tatu umenyooka kwa sababu mkono ulitoka begani, hii miwili imepinda mwishoni kwa sababu umefinya penseli karibu na ncha. Halafu kosa moja. Nimesema moja, Fundi, usimwagie mtu gunia. Na dawa yake moja ya kwenda nayo nyumbani, kurasa mbili za mistari, akiwa ameshika penseli katikati. Hiyo ndiyo lugha unayoniuliza, na haihitaji kidato cha tatu.

Maka pen nyekundu itupe. Ukitaka kumwonyesha mtu, chukua karatasi yako uchore pembeni, ya kwake usiiguse. Na ukuta uache mpaka waombe wenyewe kubandika. Kicheko usikifukuze, darasa lako bila wewe kuropoka litanuka msiba kweli, ila mchekeshe mtu kwa kujicheka wewe. Jumamosi hii chora kiganja mbele yao, wakukague. Utajua zoezi linavyouma.

Doris nenda kamwombe radhi saluni kwake, mbele ya wateja wake, kwa sababu ulimdanganya mbele ya watu. Kisha mwambie ukweli mzima kuhusu huyo tembo: mwili umekaa vizuri, miguu haina ardhi. Kila mguu umesimama kwenye sakafu yake. Achore boksi moja limekaa mezani mara kumi kabla ya tembo mwingine, na kivuli chake chini. Atanuna, lakini atarudi, maana mwanamke aliyepanda basi mpaka Mikumi na tembo wanne kwapani hana woga wa kujifunza. Na umkumbushe kwamba yeye naye alifuta machozi siku ile, kwa hiyo naye ana safari ya kwenda kwa Shimba, akipenda.

Sasa Shimba. Unauliza kama utajishushia heshima ukimfuata. Heshima ipi, Fundi? Ile iliyokuja na bodaboda?

Nenda Tindiga. Usimpigie simu, usimtume mtu. Ukifika, usianze na "ulikuwa utani tu," maana hapo utakuwa umemcheka tena, nyumbani kwake. Sema ulichokisema, neno kwa neno, na useme kilikuwa kibaya. Ukiambiwa keti, keti. Usipoambiwa, simama. Kisha mwombe akuonyeshe ng'ombe wake, yupi alirithi pembe za nani, yupi mkorofi, yupi mama wa yupi, na ufunge mdomo umsikilize, kwa sababu kwenye zizi lile mwanafunzi ni wewe. Yeye ng'ombe anamjua, anakosa karatasi tu. Mwonyeshe kitu kimoja: kabla hajaanza, aweke vidoti vinne, kichwa kitafika wapi, mkia wapi, kwato wapi, mgongo wapi, ndipo achore ndani yake. Ndiyo dawa yote ya miguu iliyotoka nje. Dakika tano zingekutosha siku ile, ukazitumia kuchekesha.

Akikataa, muachie karatasi na penseli urudi nyumbani, na wiki ijayo uende tena. Lakini anza kesho. Roli la mnadani likishapakia, unaweza kumwomba radhi miaka kumi na akakusamehe vizuri tu, ila atakuwa amekaa na penseli mbele ya zizi tupu.