Sura ya Mkwe wa Ghati

Ijumaa, 15 Aprili 1977
Nimefuta lenzi. Habari ya mkutano wa pamba nimeiacha posta. Filamu imebaki moja. Zilikuwa zikitoka Kenya kupitia Sirari. Tangu mpaka ufungwe, hakuna. Hii ni ya ofisi. Kesho naitumia kwenye harusi ya mpwa wangu Bhoke. Mhariri akiuliza nitamwambia ukweli.

Nimepita Nyambureti. Dada yangu Ghati, mama yake Bhoke, hainuki tena. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Anataka kitu kimoja: kuiona sura ya mume wa bintiye. Kwetu mama na mkwewe hawatazamani usoni. Hajamwona na hatamwona. Ila picha, anasema, haina haya.

Nilimwambia ningeweza kumsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Uliandika gazetini kwamba tulihamia kijiji hiki kwa vigelegele. Mimi nilikuja na mabati kichwani, nalia. Niletee picha, mdogo wangu."

Nalala Natta.

Jumamosi, 16 Aprili
Boma la Wajerumani, Ikoma. Bwana harusi, Marwa, ni mpishi wa hoteli iliyomo humo. Wamepewa ua wa ndani kwa sherehe. Nilianza na mahali, kama nilivyozoea kazini: ukuta, mnara, lango. Watu baadaye. Marwa hajawahi kupigwa picha. Alibana pumzi kama anayezama. Shangazi yake akamfokea, "Cheka, Marwa! Umeoa, hujakamatwa na simba!" Akacheka. Nikampata. Uso mzima.

Filamu ilipokwisha, akaja mgambo. Alikuwa ameniona asubuhi nikielekeza kamera ukutani.

"Ndugu, ngome hii unampigia nani?"

Nikampa kitambulisho. Hakukisoma. Akaichukua kamera, akafungua mgongo wake juani ili atafute hizo picha za ngome. Nilimpokonya. Nilikuwa nimechelewa: filamu ilikuwa imeshapigwa na jua.

"Kumbe hujapiga kitu," akasema, maana filamu isiyosafishwa haionyeshi picha. "Samahani, ndugu."

Aliomba radhi kwa moyo safi. Nilitaka kumpiga.

Bhoke hajaambiwa.

Jumapili, 17 Aprili
Lori hadi Tarime. Mvua. Tumekwama, tumesukuma, tumekwama tena. Filamu iko kifuani, ndani ya kitambaa cheusi. Najipa moyo: mwanga huunguza mizunguko ya nje. Ya ndani huenda imepona.

Baadaye. Ya ndani ndiyo ya kwanza kupigwa. Ya kwanza ni ukuta.

Jumatatu, 18 Aprili
Turwa, studio ya Mzee Salumu. Amesafisha. Zimepona ukuta, mnara na lango. Nyingine zote nyeusi.

Kwenye picha ya lango kuna mtu amebeba benchi kichwani. Ni Marwa, kabla hajavaa suti. Mgongo tu.

Nimemwomba Mzee Salumu filamu yoyote, hata iliyooza. Hana. Nimezunguka maduka yote ya mjini. Wananitazama kama mlevi. Ghati anakufa na mimi nina picha ya lango. Nimeomba Mungu kwa sauti njiani. Siombi, mimi.

Jumanne, 19 Aprili
Hakuna gari. Nimekaa stendi siku nzima na bahasha ya picha mkononi.

Jumatano, 20 Aprili
Nyambureti. Yu hai. Aliishika picha karibu na macho.

"Sura iko wapi?"

Nikamweleza habari za mgambo. Akageukia ukutani.

Nikaanza kusema, bila kuombwa. Paji la uso pana. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Jino la mbele limevunjika. Kidevuni kovu la mafuta ya moto. Anatoka jasho ovyo. Si mzuri wa sura, dada. Bhoke alipojikwaa ngazini, alimdaka kabla sisi wengine hatujageuka. Masikio yamesimama.

Akageuka. "Makubwa?"

"Kama vifuniko vya sufuria."

Akaitazama tena picha.

"Mkwe wa gazetini asingekuwa na masikio hayo," akasema.

Akaomba nirudie tangu kwenye paji la uso. Nimerudia. Kabla sijafika kwenye kovu alikuwa amelala. Picha ya mgongo iko chini ya kiganja chake. Nje wanachambua mahindi, hawapigi kelele.