Aliyewasha Moto wa Mama Yako

Kwako Kusum, dada yangu wa Old Kampala,

Anwani yako niliipoteza zamani, kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Aisome anayetaka, huenda mmoja wa wasomaji anakujua. Daktari wa hospitali ya Mulago amezungumza na wanangu nje ya mlango, kwa sauti ya chini, nami nimeelewa. Mkono unatetemeka, lakini akili ingali nzima, na kuna jambo moja sitaki kuzikwa nalo.

Unaukumbuka mtaa wetu? Wengine waliuita mtaa wa maiti, nasi watoto tulijivuna. Upande mmoja alikuwa baba yangu, muuza sanda, kafuri na udi, na jeneza la msikiti limeegemea ukuta wa ghala letu. Mkabala alikuwepo Papa Anselme, seremala aliyetoka Kongo, na masanduku yake ya kuzikia Wakristo. Katikati mlikuwa ninyi, na duka la mama yako la samli, ubani na kuni kwa ajili ya watu wenu wanaochomwa. Jioni wazee hao watatu walikaa barazani kwenu, wanakunywa chai ya tangawizi na kutaniana.

"Nyinyi Waislamu munaniharibia kazi," Papa Anselme alikuwa akimwambia baba. "Mutu anaenda bila hata ubao mumoja!"

"Na wewe unamfungia mtu kabatini," baba alijibu. "Amekosa nini?"

Mama yako alicheka mpaka miwani ikateleza. "Nyinyi yote iko gombana bure. Mimi nachoma, kwisha. Shamba hapana taka."

Kisha utani ukapungua. Watu walianza kuchukuliwa mchana kweupe, wanatiwa kwenye buti za magari. Wake zao walikuja kununua sanda, na baba akiwauliza urefu wa marehemu, walisema maiti hawana, wanataka tu kitambaa kiwepo nyumbani. Baba alikata kwa kukisia.

Waasia walipofukuzwa, wewe uliondoka na mumeo. Mama yako alikuwa na karatasi za uraia, akakataa kwenda. Siku ile ulinishika mikono yote miwili ukasema, "Zaituni, nimekuachia mama." Nilikuwa mwalimu kijana, nikaitikia kama mtu anayepokea ufunguo wa nyumba.

Nilimpikia dengu zisizomridhisha. Nilimsomea magazeti, akayakatisha kwa kukohoa. Alipougua asiweze tena kuamka kwenda dukani, aliniambia, "Zaituni, majivu yangu tia katika maji natembea. Maji nakaa hapana." Wiki hiyohiyo alifariki, asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Sasa nakueleza nisichokueleza kwenye simu.

Wote waliojua kazi ya kuwachoma wafu wenu walikuwa wameondoka. Hakukuwa na kuhani, na mlinzi wa mahali penu pa kuchomea alikuwa ameshakimbia. Mimi na mama yangu tulimwosha jinsi tunavyoosha sisi, kwa kuwa hatukujua namna nyingine, tukamvika sari yake nyeupe ya ujane. Samli ya kumwagia kuni ilikuwa imekwisha dukani kwenu, na mjini haikupatikana kwa fedha wala kwa kujuana. Mama alitoa kopo lake alilokuwa ameliweka kwa ajili ya Idi. Papa Anselme alileta mabaki ya mbao zake, na zaidi ya hayo akaleta sanduku, jipya, limepigwa msasa.

"Papa, huyu anachomwa," nilimwambia.

"Najua. Lakini hawezi kutoka kwake bila nyumba. Ni jirani yangu."

Hatukubishana naye. Tulipofika pale penu pa kuchomea, tukapanga kuni, tukapandisha sanduku, ndipo nikakumbuka maji na jani la mrihani wenu, ule mnaouita tulasi, ambavyo mama yako alisema lazima viwekwe mdomoni. Nikamgeukia Papa Anselme. Kwa mazoea ya miaka yake yote alikuwa amekwisha kupigilia misumari.

Alipanda juu ya kuni na nyundo yake, akaing'oa mmojammoja, jasho na machozi vinamtoka, huku anamwambia mama yako, "Unisamehe, mama, unisamehe, mkono umezoea." Nadhani mama yako angecheka mpaka miwani ianguke.

Ikabaki kuwasha. Tulijua anayewasha ni mtoto wa kiume. Baba akasema dini yake haimruhusu kumtia mtu moto. Papa Anselme akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma. Barabarani lilikuwa likipita lori la jeshi, na tulijua tukichelewa tutaulizwa tunamficha nani.

"Mama wa watu hana mtoto hapa," baba alisema. "Tufanyeje?"

"Anaye," nikasema, nikachukua kiberiti mfukoni mwake.

Hakunizuia. Aligeuka akanipa mgongo, akaanza kusoma dua kwa sauti, ili asione. Niliwasha mimi, Kusum. Mwanamke, Mwislamu, asiyejua hata neno moja la sala zenu. Nililia nikamwita Ba, yaani mama kwa lugha yenu, kama ulivyokuwa ukimwita wewe.

Uliponipigia simu kutoka ng'ambo, ile sauti yako ikienda ikirudi, uliuliza jambo moja tu: nani aliwasha? Nikasema mjomba wako alitoka Jinja, akaja na kuhani. Ukasema, "Basi leo nitalala." Mjomba wako alikuwa ameshaondoka nchini. Nilikupa usingizi kwa uongo, na kila nilipotaka kuurudisha nilikuona umelala.

Majivu niliyapeleka Jinja mwenyewe, mahali mto unapotoka ziwani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliingia basini, akafungua mkebe.

"Nini hii?"

"Majivu ya mama yangu."

Akanitazama ushungi. "Wewe Islamu. Mama yako nachomwa namna gani?"

"Nina mama wawili, afande."

Akaurudisha kana kwamba umemuunguza. "Funga! Funga hiyo kitu! Enda nayo!" Tulipovuka, bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniwekea mkono begani, asiniulize kitu.

Kama kwa imani yenu moto wangu haukutosha, bado kuna kuhani huko uliko. Mwambie afanye linalopasa. Kama umekasirika, kasirika, una haki. Ila usiniombe niseme najuta. Uongo wa simu ndio ninaoutubia. Kile kiberiti, hapana. Ningekichukua tena leo, kwa mkono huuhuu unaotetemeka.

Lala salama, dada, ukijua sasa ni nani.

Mtoto wa pili wa mama yako,
Zaituni