Shamba Letu Liko Upande Gani

Jumatatu, 5 Januari

Sare, sare, sare. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na Kasulu nzima imekumbuka leo kwamba watoto wanakua. Baba anapima kitambaa, mimi nakata, nashona, narudi kukata. Duka limejaa kina mama wa kijiji cha Heru Juu, matope hadi magotini, kelele tele. Mgongo unaniuma. Napenda sana siku kama hizi.

Kaka Idi hakuonekana tena. Anagombea udiwani, uchaguzi mdogo, kura Jumamosi ya wiki ijayo. Namwombea ashinde. Ila hizi kaptula zinanishinda peke yangu.

Jumanne, 6 Januari

Mabango yametoka. Nimecheka hadi nikakaa chini. Idi kavaa shati lililochanika, jembe begani, uso wa huzuni. Chini wameandika MTOTO WA JEMBE. Jembe lenyewe jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini. Huyu kazaliwa chumba cha nyuma cha duka hili. Kalelewa katikati ya majora ya vitambaa. Jembe hajawahi kulishika hata kwa kulisogeza.

Kazi ya Kulwa hiyo, meneja wake wa kampeni, kijana wa Kahama. Eti watu wa Heru Juu ni wakulima, hawawezi kumpa kura mtoto wa mwenye duka. Na Idi kaamini.

Jumatano, 7 Januari

Gari la matangazo limepita mbele ya duka, spika juu. Sauti ya Idi mwenyewe. Nimekulia nyumba ya nyasi. Baba yangu mkulima maskini. Tulilala njaa.

Baba alikuwa anampimia mteja. Hakuacha kupima. Alimaliza, akakunja, akamfungia mteja mzigo wake vizuri. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Zena, shamba letu liko upande gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona aibu.

Baba alitoka Tanga akiwa kijana, na furushi la kanga. Akamwoa mama, Mha wa hapahapa, Mungu amrehemu. Kwa duka hili tumekula, kwa duka hili tumesoma. Njaa ipi tuliyolala nayo?

Alhamisi, 8 Januari

Baba kaondoka na basi la asubuhi. Kaenda Kibondo kwa dada yetu Mariamu, atakaa huko hadi kura zipite. Anasema watu wakimwona dukani watauliza maswali, asije akamharibia Idi. Hakulalamika hata neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimempigia Idi. Nilipogusia tu lile tangazo, akaniambia ni siasa, Baba ni mtu mzima, ataelewa. Nikamkatia simu, hata sijamwambia kuwa Baba hayupo. Hasira zimenishika hadi nimeshona mkono wa shati kinyumenyume. Nimefumua, nimeanza upya.

Ijumaa, 9 Januari

Duka bila Baba halina ladha. Kila mteja anamuulizia. Nawajibu yuko Kibondo, kapumzika. Wananiangalia tu. Nani anapumzika msimu wa sare.

Jumapili, 11 Januari

Mbavu zangu. Sijui niandike vipi.

Kulwa alimpeleka Idi Heru Juu kupigwa picha shambani kwa Mama Anjelina. Kina mama walikuwa wanapanda mihogo. Idi kapewa pingili apande. Kazichomeka zote kichwa chini, macho ya pingili yanatazama ardhini. Mstari mzima! Kulwa anarekodi, anamsifu, naye hajui kitu. Wakaituma video wenyewe kwenye kundi la WhatsApp la kata, kwa fahari kubwa. Kufika jioni, Kasulu hakuna ambaye hajaiona.

Mwishoni inasikika sauti ya Mama Anjelina, mpole kweli. "Mwana wa Shabani, mihogo hiyo unawapandia watu wa chini?" Kisha kina mama wote hoi kwa kicheko, mmoja kakalia tuta.

Nimeirudia mara nyingi. Mwanzo kwa ajili ya mihogo. Baadaye kwa ajili ya hilo jina la Baba. Mwana wa Shabani. Kumbe walijua tangu siku ya kwanza. Bila shaka walijua. Watoto wao wote wamevalishwa na Baba, watamsahau vipi yule mtoto aliyekuwa anakalia meza ya dukani na karanga zake? Waliodanganyika ni wawili tu, Idi na Kulwa.

Jumatatu, 12 Januari

Idi kaja, kajificha nyuma ya majora wateja wasimwone. Anataka kujitoa. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha tangu Alhamisi, maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Nilipomwona nikamhurumia. Nilimwambia moja tu, kwamba Baba yuko Kibondo, na kwa nini.

Hakujua. Mtu mzima na ndevu zake, kaangua kilio ndani ya kitambaa cha sare. Nimekifua.

Jumatano, 14 Januari

Idi kaenda Kibondo, kamrudisha Baba. Furaha yangu, acha tu. Nimepika maharage na ugali wa muhogo. Mariamu kanisimulia yote kwenye simu. Idi kapiga magoti kwenye mkeka, kaomba radhi. Baba kamsikiliza hadi mwisho. Kisha kamuuliza kama kuna anayefagia duka.

Kasamehe, nadhani. Ila anamwita mheshimiwa. Mheshimiwa, nisogezee chumvi. Mheshimiwa, maji. Mimi nakufa kwa kicheko kimoyomoyo. Idi anasogeza chumvi, hathubutu kuinua macho.

Ijumaa, 16 Januari

Mkutano wa mwisho, Heru Juu, alasiri. Nimefunga duka, nimekwenda na Baba. Siku nzuri kupita zote mwaka huu, najua mwaka ndio kwanza umeanza.

Idi alikataa hotuba ya Kulwa. Alisimama na shati lake la kawaida, zima. Akasema kulima hajui, wameona wenyewe. Wakacheka. Akasema nyumba ya nyasi hajawahi kulala, alisema uongo, na baba yake hakuwahi kuwa mkulima. Akamnyooshea Baba mkono. "Baba yangu ni huyu. Shabani wa dukani. Nilimwonea aibu, nisameheni."

Watu wote wakamgeukia Baba.

Kisha wakampa Baba kipaza sauti. Hakutoa hotuba. Aliinama, akapiga makofi yale madogo madogo ya Waha, akasalimia, "Mwidiwe." Uwanja mzima ukaitikia. Akaulizia watoto, wakaitikia. Akaulizia ng'ombe, maharage, mvua, wagonjwa, yote kwa Kiha, na lafudhi yake ileile ya Tanga isiyokwisha. Wanaitikia, wanapiga makofi. Salamu ilichukua muda mrefu kuliko hotuba. Mama Anjelina alikuja kumkumbatia, eti kitenge cha harusi yake alikichagua Mzee Shabani.

Tulirudi kwa bodaboda, tatu kwa mstari, tunaimba. Baba njiani kasema, "Mheshimiwa, shikilia kofia yako." Basi. Bado ni mheshimiwa.

Jumapili, 18 Januari

Idi kashindwa. Kapitwa kwa kura si nyingi. Kashinda mwalimu mstaafu, mkulima wa kweli, mtu mwema. Idi kampigia kumpongeza, kisha kala sahani mbili za wali. Kulwa kaja kuaga, kaondoka na sare ya mdogo wake. Nilidhani nitahuzunika. Nimelala usingizi mzito.

Jumanne, 20 Januari

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache. Idi kaja mapema, kafungua milango, kafagia. Hakuna aliyemwambia.

Kaingia mwalimu mgeni, kahamishiwa hapa kutoka Mbeya, anataka kitambaa cha mapazia. Idi kampimia. Yule mwalimu akamuuliza Baba kama huyu ni kijana wa kazi.

"Ni mwanangu," Baba akasema. "Wa kwanza."

Akaendelea kukunja vitambaa. Idi akainama chini ya meza, akitafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mezani, mbele yake.