Mama, Zile Simu Zako Walizichoma

Mpendwa mama,

Kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu. Nakuandikia kutoka Mbeya. Mvua imekata asubuhi hii na nguo bado ziko kwenye kamba. Ningekupigia, kama nilivyozoea kila Jumapili ukitoka kanisani. Namba yako sijaifuta.

Unaikumbuka simu ya kwanza niliyokuletea, ile ndogo ya batani, ya kijivu? Hukutaka kuishika mbele za watu. Uliingia nayo chumbani, ukafunga mlango, ukanipigia mimi niliyekuwa hapo hapo jikoni kwako, ukaniuliza kama nimekula. Tulicheka mpaka mdogo wangu Neema akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hiyo zikaja nyingine. Kila mtoto wako aliyenunua simu mpya alikuletea ile yake kuukuu, nawe uliitumia mpaka ikazimika kabisa, kisha ukaiweka kwenye ndoo chini ya kitanda. Nilikuomba mara nyingi nizibebe, ukakataa. "Sauti zenu zote zilipitia humu," ulisema. "Nitazitupaje?"

Sasa nikueleze yaliyotokea ulipoondoka.

Siku tuliyomaliza matanga, Baba Mdogo alisema chumba chako kisafishwe. Nguo zikagawiwa, godoro likatolewa nje, na ndoo ikamiminwa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, pale upande wa juu wa bustani yako. Nilimwambia simu hazichomwi, zina sumu. Akanitazama kwa upole, akasema nyumba ya msiba haiachwi na uchafu. Akamwagia mafuta ya taa.

Betri zilipasuka moja baada ya nyingine. Wamama wa kwaya yako waliokuwa wakiosha vyombo waliacha kazi wakasogea mbali. Moshi ulikuwa mweusi, mzito. Ulizunguka uani, halafu ukaingia chumbani kwako kupitia dirishani. Tulifua mapazia, harufu haikutoka. Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua popote hapa mjini, nakuona umelala kwenye kile kitanda, na moshi unakukuta.

Nilirudi Mbeya. Mvua zikanyesha. Nilipokuja tena nyumbani Ipogolo, Neema, ambaye sasa ndiye anayeishi kwenye nyumba yako na bintiye Upendo, alinipikia ugali na majani ya maboga. Nilimega tonge, nikauliza mboga imetoka wapi, ingawa nilishajua.

"Ni ya mama," akasema. "Maboga yameota yenyewe, dada. Hata sikupanda."

Tulikwenda kuyaona. Shimo lilikuwa limejaa maji, likafurika, na maji yakachimba mfereji hadi katikati ya matuta yako. Mferejini kulikuwa na majivu, vipande vya vioo, na betri iliyovimba. Juu ya hayo yote maboga yalikuwa yametanda, majani mapana, kijani kibichi, mazuri kuliko yoyote uliyowahi kuvuna. Hilo ndilo linaloniogopesha, mama. Hayakuonyesha chochote. Na Upendo alikuwa amechuchumaa pale kwenye mfereji, anafinyanga tope.

Nilimbeba nikamnawisha. Kisha nikamweleza Neema ninachokijua: kwamba ndani ya simu kuna madini yenye sumu kama risasi, moto hauyamalizi, maji huyabeba, mmea unaweza kuyanyonya, na mtoto mdogo ndiye huumia zaidi, taratibu, bila homa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nisipokula hii," aliniambia, "nitakula nini tena cha mama?"

Nilikwenda kuchukua jembe.

Tulijifunga mifuko ya plastiki mikononi. Neema aliyang'oa maboga mwenyewe, tuta kwa tuta, machozi yanamtoka bila sauti. Mimi nilifukua simu na kuzirudisha kwenye ndoo. Ile yako ya kijivu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, lakini batani zilibaki, na ile ya namba tano imefutika kwa kidole chako. Neema aliishika kwa muda mrefu. Nilidhani angeomba abaki nayo. Akaiweka ndooni mwenyewe, akageukia pembeni.

Baba Mdogo alitukuta tukichimba. Tulitegemea atagomba. Alisimama akiangalia mikono ya Upendo, akavua koti, akanipokea jembe. Tulipokaribia kumaliza akauliza, sauti imeshuka:

"Na zile nilizofukia mimi kule kisimani?"

Miaka yote, mama, alikuwa akifukia simu mbovu na betri za tochi karibu na kile kisima, ili watoto wasizichezee. Ndipo ulipokuwa ukichota maji ya chai. Kesho yake tulikwenda wote. Nyingine tulizipata, nyingine hakukumbuka alizifukia wapi. Amekifunika kisima kwa mbao, na kila jirani anayemuuliza sababu anamweleza mwenyewe.

Ndoo nilikuja nayo kwenye basi, nimeipakata. Abiria mwenzangu aliuliza nimebeba nini. Nikasema vitu vya marehemu mama. Akanipa pole.

Fundi simu wa mtaani kwetu anasema kuna mtu hupita kukusanya simu mbovu, anazipeleka Dar zinakofunguliwa inavyotakiwa. Hajapita bado. Nimeongeza za kwangu, nilizokuwa nimezisahau kabatini. Jioni nikirudi kutoka kazini naziangalia nyumba za watu, najiuliza ni ngapi zina ndoo chini ya kitanda, na siku mwenye kitanda akiondoka, nani atashika kiberiti.

Upendo hajambo. Anakimbia, anaongezeka uzito. Nesi wa kliniki anasema hana tatizo analoliona. Nalifikiria sana neno hilo, analoliona.

Bustani tumeihamishia upande wa mbele wa nyumba. Pale pa zamani hatujapanda kitu. Neema amepazungushia miiba ili mtoto asiingie. Wapita njia wakiona udongo mtupu na uzio, huuliza nani amezikwa pale. Neema huwaambia wewe umelala kule juu, kanisani. Hawaulizi zaidi, ila wanapita mbali.

Pumzika, mama. Jumapili nitaitazama namba yako, nami sitaipiga.

Mwanao wa kwanza,
Mbeya