Sambusa ya Profesa Lahiri

Tuhin, acha unachofanya. Paromita wetu amezamishwa na sambusa. Semina ya tasnifu yake imeisha mchana huu na sahihi ya kupitishwa hajapata.

Unakijua kile kipimo chake cha upogo, cha kuona data imeelemea upande gani. Data ya vigezo vingi, jibu moja. Likitoka sifuri, wingu la data ukiligeuza juu chini linabaki lilelile. Miaka minne anatutambia nacho.

Sasa Profesa Lahiri, mtahini wake, mdomo umejaa, akachukua sambusa kwenye sahani ya chai. "Binti, pembe tatu sawa, viazi vimesambaa sawa. Kipimo chako kinasemaje?"

Paromita akapiga hesabu ubaoni. "Sifuri, Profesa."

"Kwa hiyo haina upogo?"

"Haina."

Profesa akaigeuza. Ncha iliyotazama juu ikatazama chini. "Mbona si ileile?"

Sambusa, Tuhin. Ukumbi mzima unaikodolea macho sambusa.

"Rudi Ijumaa," akasema, akaila.

Tangu hapo Paromita hatulii. Yuko kantini, ananunua sambusa, anazigeuza, hali hata moja. Muuzaji kamuuliza, "Didi, dada yangu, zimechacha?"

Mwishowe kaona kosa. Anajumlisha mapema, pembe zinavutana mpaka zinamalizana. Akitafuta kwanza mraba wa kila mvuto, hasi ziwe chanya, ndipo ajumlishe, upogo unaonekana.

Nikamwambia, basi umepona.

Akanitazama. "Hicho ni kile kipimo cha zamani."

Kilekile, Tuhin. Sura nzima ya kwanza ya tasnifu kaandika kwamba kimezeeka, chake ndicho bora.

Sasa anaifuta, na mimi namalizia sambusa.